Kabla ya prosesa na kadi ya michoro, ichunguze kwanza video ya kamera yako

Swali lililonifikia, kwa ufupi: msomaji anapiga video za sherehe na mahojiano kwa kamera mbili zinazorekodi 4K kwa HEVC (H.265, namna mojawapo ya kukunja video), biti 10, 4:2:2. Anahariri kwa DaVinci Resolve kwenye laptopu ya miaka mitano, nayo hukwama kila anapobonyeza kitufe cha kucheza. Ameamua kujiundia kompyuta ya mezani. Rafiki yake mmoja amemwambia pesa yote aiweke kwenye prosesa yenye kori nyingi, yaani vile vitengo vya hesabu vilivyo ndani yake. Mwingine kamwambia prosesa si kitu, anunue kadi ya michoro kubwa kuliko zote. "Pesa yangu inatosha kimoja kiwe kikubwa, si vyote viwili. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, kwa leo usimsikilize hata mmoja. Jibu lako limo ndani ya swali lako mwenyewe, kwenye yale maneno uliyoyapita haraka: HEVC, biti 10, 4:2:2. Hayo matatu ndiyo yanayochagua vifaa. Mtu mwenye kamera nyingine, hata kama anahariri kwa programu hiyo hiyo, angepata ushauri tofauti kwangu.

Niliwahi kuletewa kompyuta yenye prosesa ya kori 16, RAM ya kumwaga, na kadi ya michoro iliyojaa kasha zima. Mwenyewe alilalamika kwamba simu yake inacheza video vizuri kuliko mashine hiyo. Nikacheka, kisha nikafungua klipu zake na kicheko kikaniisha. Kweli ilikuwa inakwama. Kila alipocheza klipu, kori zote 16 zilikuwa zinatoka jasho huku kadi ile ya gharama imekaa inatazama. Hakuna kifaa kibovu humo. Tatizo ni kwamba hakikuwemo hata kimoja kilichojua kuisoma video yake bila kutumia nguvu za mwili.

Nieleze kwa nini. Picha moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3. Kwa biti 10 na 4:2:2, kila pikseli huchukua wastani wa biti 20: 10 za mwanga na 10 za rangi. Zidisha kwa fremu 25 za kila sekunde, utapata takriban megabiti 4,150 kwa sekunde. Kamera yako haiandiki kiasi hicho. Zilizo nyingi za aina yake huandika megabiti 100 hadi 200. Maana yake picha imekunjwa mara 20, 30, hata 40 ili iingie kwenye kadi ya kumbukumbu. Wewe unapohariri, kompyuta inaikunjua upya, fremu kwa fremu, na haina ruhusa ya kuchelewa.

Na namna ilivyokunjwa ndiyo penye kazi. Kamera haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi moja kamili, halafu zinazofuata zinaandikwa kama barua ya mtu mvivu: "rejea barua iliyopita, ila mkono umesogea hapa na jani limetikisika pale." Ukicheza moja kwa moja kutoka mwanzo, si shida sana. Lakini mhariri hachezi hivyo. Mhariri anaruka katikati ya klipu, anarudi nyuma, anakata, anasogeza fremu mbili mbele. Kila unaporuka, kompyuta inalazimika kuitafuta ile barua ya kwanza iliyo kamili, izisome zote zilizofuata hadi ifike ulipotua, ndipo ikuonyeshe picha moja. Weka kamera mbili kwenye taimlaini moja na kazi hiyo ni mara mbili.

Watengenezaji wa vifaa walishaliona hilo. Ndani ya prosesa nyingi na kadi za michoro kuna sakiti ndogo ambayo kazi yake ni hiyo tu, kukunjua na kukunja video. Kwa Intel inaitwa Quick Sync, na ipo tangu 2011. NVIDIA wana ya kwao, AMD wana ya kwao. Sakiti hizi hazina uhusiano na ukubwa wa kadi wala idadi ya kori. Zinaijua kodeki fulani, yaani namna fulani ya kukunja video, au haziijui. Ikiwa haiijui, mzigo wote unaangukia kori za prosesa, na hapo ndipo yule wa kori 16 alipoangukia.

Sasa tuje kwenye 4:2:2, maana hiyo ndiyo inayokuponza. Kamera hurekodi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huipunguza kwa sababu jicho la mtu si hodari wa rangi ndogondogo. Kwa 4:2:0, pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwa 4:2:2 ni pikseli mbili. Picha yako ina rangi nyingi zaidi za kuchezea, na ndiyo maana wapigaji makini huipenda. Bahati mbaya, 4:2:0 ndiyo inayotumika kwenye filamu za mtandaoni na video za simu, basi sakiti nyingi zilitengenezwa kwa ajili yake. 4:2:2 ilisahaulika kwa miaka.

Nani anaisoma HEVC ya biti 10, 4:2:2? Kwa kompyuta za mezani, prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, kilichotoka 2021, mradi ziwe na michoro ya ndani, yaani sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Shika hilo sharti. Intel huuza prosesa zenye herufi F mwishoni mwa jina, na hizo michoro ya ndani imezimwa, kwa hiyo Quick Sync haipo. Huwa nafuu kidogo, na muuzaji atakwambia "utakuwa na kadi yako, ya nini michoro ya ndani?" Kwa mcheza gemu yuko sahihi. Kwako wewe, herufi hiyo moja inakunyima kile kifaa ulichokifuata.

NVIDIA walichelewa. Kadi zao zote za kabla ya mfululizo wa RTX 50, hata zile kubwa za RTX 40 na 30, hazikunjui 4:2:2 ya H.264 (kodeki iliyoitangulia HEVC) wala ya HEVC yenyewe. RTX 50, zilizoanza kutoka Januari 2025, zinakunjua zote mbili. Kwa AMD, michoro ya ndani ya prosesa zao za Ryzen pamoja na kadi zao za RX 7000 na za nyuma yake zinasoma HEVC ya 4:2:0 vizuri tu, ila kwa 4:2:2 usizitegemee. Na kuna mlango wa nyuma ambao wachache wanaujua: kadi za Intel Arc, hata ile ndogo kabisa, zina sakiti hiyo hiyo ya Quick Sync. Mwenye mashine ya Ryzen tayari anaweza kuichomeka kama kadi ya pili, iwe ya kukunjua video tu, huku kadi yake kubwa ikiendelea na rangi.

Kabla sijaendelea, hakikisha kamera zako zinarekodi unachodhani zinarekodi. Pakua MediaInfo, ni programu ya bure, uivutie klipu moja. Itakuonyesha kodeki, idadi ya biti, 4:2:0 au 4:2:2, na kasi ya data. Nimeshaona watu wanaoapa kwamba kamera yao ni HEVC kumbe menyu imekaa kwenye H.264. Tofauti hiyo ina uzito: vizazi kadhaa vya Quick Sync vinavyosoma HEVC ya 4:2:2 haviwezi H.264 ya biti 10, 4:2:2. Ukikuta ni H.264, aidha badilisha menyu ya kamera, aidha elekea RTX 50. Na ukiwa humo MediaInfo, tazama pia kama kasi ya fremu ni ya kudumu au inabadilikabadilika. Video za simu huwa zinabadilika, na sauti ikihama kutoka kwenye midomo watu hulaumu kompyuta. Hilo hakuna kifaa kitakachokuponyesha. Unaibadilisha klipu iwe na kasi moja kabla hujaanza kuhariri.

Tukubaliane basi kwamba ni HEVC kweli. Una njia mbili zinazoeleweka.

Ya kwanza: prosesa ya Intel yenye michoro ya ndani, pamoja na kadi ya michoro ya kati, mpya au iliyotumika. Video inakunjuliwa na prosesa, rangi na madoido yanafanywa na kadi. Ya pili: prosesa ya Ryzen ya kori 8 au 12, na kadi ya RTX 50 inayofanya yote mawili. Ningekuwa mimi mwenye pesa inayobana, ningechukua ya kwanza, kwa sababu inanipa uhuru wa kununua kadi ya kizazi kilichopita bila wasiwasi wa 4:2:2. Mwenye pesa zaidi kidogo, ya pili ni safi na haina mipangilio mingi ya kuhangaika nayo.

Kwa njia ya kwanza kuna tahadhari. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa zile za juu, zilipata tatizo lililojulikana sana mwaka 2024: umeme uliopanda kupita kiasi ulikuwa unazichakaza taratibu hadi mashine ikaanza kuzimika ovyo. Intel walitoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama) kuanzia Agosti 2024 na wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Ukinunua mpya, weka BIOS ya karibuni kabla ya kazi nyingine yoyote. Ukiuziwa iliyotumika na mwenyewe hajui kama BIOS iliwahi kusasishwa, mwachie. Marekebisho yanazuia uchakavu, hayaurudishi ule uliokwisha kutokea. Kizazi cha 12, au Core Ultra zilizofuata, hazina kesi hiyo.

Kori ngapi? Kwa kazi yako, kuanzia 8 zenye kasi unaishi vizuri. Zaidi ya 16 unalipia muda ambao hutauona. Resolve inategemea kadi ya michoro kuliko programu nyingine nyingi za kuhariri, kwa hiyo yule rafiki yako wa pili alikuwa na nusu ya ukweli. Kama ungeniambia unatumia Premiere Pro, ningeupandisha uzito wa prosesa. After Effects ingenifanya nianze na RAM.

Kwenye kadi ya michoro, namba ya kutazama kwanza ni kumbukumbu yake, kabla ya jina. Resolve huifanyia picha hesabu kwa usahihi wa biti 32 kwa kila rangi. Pikseli milioni 8.3, mara baiti 16 (4 kwa kila moja ya rangi tatu, na 4 za uwazi), ni megabaiti 133 kwa fremu moja tu ya 4K. Kupunguza chembechembe za gizani, kwa mfano, kunataka fremu kadhaa za mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Panga juu yake marekebisho ya rangi, ukungu wa nyuma, maandishi, na kamera ya pili. Gigabaiti 8 zinaisha ukiwa bado unafurahia. Zikiisha, Resolve haipunguzi mwendo kwa adabu. Inakuambia kumbukumbu ya kadi imejaa, na kazi inasimama. Nenda gigabaiti 12, au 16 ukiweza. Soma sanduku vizuri: RTX 5060 Ti, kwa mfano, inauzwa ya 8 na ya 16 kwa jina lile lile. Kadi ya kati yenye 16 itakufaa kuliko kadi yenye jina kubwa zaidi lakini 8. RTX 3060 ya gigabaiti 12, ikiwa imetumika lakini haijateswa, ukiiweka karibu na Quick Sync inatoa kazi ya heshima hadi leo.

Na maadam tumetaja kupunguza chembechembe: kifaa hicho ndani ya Resolve kimo kwenye toleo la Studio tu, lile la kulipia. Toleo la bure pia halitoi faili la mwisho linalozidi 3840 kwa 2160, na limebana baadhi ya kodeki na uharakishaji wake kulingana na mfumo wa kompyuta. Kwa Linux, toleo la bure halifungui kabisa H.264 na H.265, na watu wamelia juu ya hilo kwenye mashine zenye kila kitu. Blackmagic Design, wenye programu, hutoa waraka wa kodeki zinazokubalika, mfumo kwa mfumo, ya bure na ya Studio. Usome kabla hujatoa pesa yoyote. Studio hununuliwa mara moja, haina ada ya kila mwezi. Kwa video kama zako mimi naihesabu kama sehemu ya vifaa, sawa na RAM.

RAM yenyewe haina maneno mengi. Gigabaiti 32 ndiyo mahali pa kuanzia kwa 4K, 64 ukifungua programu nyingi kwa pamoja au ukitengeneza michoro inayotembea. Chukua vijiti viwili, usichukue kimoja, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Usichukue vinne pia. RAM ya aina ya DDR5 ikijazwa nafasi zote nne, bodi nyingi hushusha kasi yake, na wakati mwingine mashine inakataa kuwaka hadi uihangaikie. Vijiti viwili vya 16 leo, ukitaka 64 baadaye, uza hivyo ununue viwili vya 32. Inauma kidogo, lakini ndiyo njia ya usalama. Mashine ikishawaka, ingia BIOS uwashe mpangilio wa kasi ya RAM uitwao XMP au EXPO, la sivyo RAM uliyoinunua kwa kasi yake itatembea kwa mwendo wa chini.

Ubao mama ndiyo kifaa ambacho watu hukinunua kwa macho. Taa na vyuma havikunjui video. Soma kitabu chake, kipo bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Tafuta matundu ya M.2 ya SSD: mangapi, na nini kinazimika ukiyajaza. Kuna bodi ambazo ukichomeka SSD kwenye tundu la tatu, matundu mawili ya SATA, yale ya diski za kebo, yanakufa, au tundu la kadi ya michoro linapunguziwa njia. Hiyo imeandikwa kwa maandishi madogo, na huigundua mtu siku diski yake ya kumbukumbu za miaka mitatu haionekani. Tazama kama bodi ya Intel LGA1700 (tundu la prosesa za kizazi cha 12 hadi 14) unayoitaka ni ya DDR4 au DDR5, kwa kuwa zipo za aina zote mbili na hazichanganyiki. Hesabu matundu ya USB ya nyuma. Mhariri ana kisoma kadi, diski ya nje, kipaza sauti, kibodi, na daima kitu kimoja zaidi. Bodi ya kati yenye umeme thabiti na matundu matatu ya M.2 inakutosha.

Kwenye diski, hapa nitakuokolea pesa. Usinunue SSD ya kasi kuliko zote. Klipu yako ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu. Kamera mbili, 25. Hata SSD ya SATA, inayosoma karibu megabaiti 550, inazicheza huku inasinzia. NVMe, ile SSD ya kasi inayoingia kwenye tundu la M.2, ikiwa ya PCIe 4.0 inafika megabaiti 7,000, na ya 5.0 inapita hapo, lakini hutaiona tofauti kwenye taimlaini, maana kizuizi hakijawahi kuwa hapo. Kinachokula diski ni ukubwa. Saa moja ya klipu zako ni gigabaiti 45. Ukizigeuza kuwa ProRes 422, kodeki nzito ya kuhariria, ya 4K kwa fremu 25, saa hiyo hiyo ni gigabaiti 221. Faili za muda za Resolve nazo huwa za aina hiyo nzito, na hakuna anayekumbuka kuzifuta.

Kwa hiyo: SSD moja ya terabaiti 1 kwa Windows na programu, na nyingine ya NVMe ya terabaiti 2 au zaidi kwa kazi iliyoko mezani pamoja na faili za muda. Uliza aina ya chipu zake. Za QLC huandika kwa kasi mwanzoni, kisha sehemu yake ya haraka ikijaa zinashuka hadi chini ya diski ya kuzunguka, na wewe ni mtu wa kumwaga gigabaiti 200 kwa mkupuo. TLC ndiyo ya kutafuta. Kazi zilizokwisha zihamie kwenye diski kubwa ya kuzunguka, iliyoandikwa CMR na si SMR, kwa sababu ile ya pili huandika kwa kupandiana na ukiishindilia mafaili makubwa inazubaa. Nakala ya pili ikae nje ya kompyuta, ikiwezekana nje ya nyumba. Kuna watakaokushauri diski mbili zinazoigana ndani ya kasha moja. Hizo zitakukinga na diski kufa. Hazitakukinga na faili ulilofuta kwa kidole chako, wala na mwizi.

Pawa saplai usiibanie. Jumlisha: prosesa ikiwa kazini wati 150 hadi 250, kadi ya kati 180 hadi 300, vilivyobaki chini ya 100. Wati 750 zinakupa nafasi ya kupumua na ya kubadilisha kadi kesho. Alama ya 80 Plus inapima ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haipimi uimara wa sehemu za ndani, kwa hiyo tafuta iliyofunguliwa na kupimwa na wanaojua, na yenye dhamana ndefu.

Hapa nina dhambi ya kuungama. Miaka ya nyuma nilibadilisha pawa saplai ya kompyuta yangu, nikaona uvivu kuchomoa kebo za diski zilizokwisha kupangwa vizuri nyuma ya kasha. Plagi zilifanana, zikaingia bila ubishi. Nilipowasha, ulisikika mlio mdogo tu, na diski mbili zikafa papo hapo. Upande wa kifaa kebo hizo zina kanuni moja duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga nyaya zake anavyotaka, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja zinatofautiana. Nakala nilikuwa nayo ya diski moja tu. Kebo za zamani zitoke zote, hata kama zimekaa vizuri namna gani. Na kadi yako ikiwa ya plagi ile ndogo yenye pini 16, isukume hadi mwisho na usiikunje karibu na plagi. Ikilegea inapata moto hadi kuyeyuka.

Kasha liwe na tundutundu mbele na feni mbili za kuingiza hewa, moja ya kutoa. Pima urefu wa kadi kabla. Kipozeo cha hewa cha mnara kinaitosha prosesa ya kori 8 hadi 12 bila mabomba ya maji. Chagua feni kubwa zinazozunguka polepole, si kwa sababu ya joto peke yake. Unahariri mahojiano. Kompyuta inayonguruma itakufanya uongeze sauti ya spika, na utashangaa baadaye kwa nini kila kazi yako sauti yake imetoka ndogo.

Skrini ni mada ya siku nyingine, ila jambo moja: skrini ya paneli ya IPS inayoifikia sRGB, kile kipimo cha kawaida cha rangi, vizuri na iliyosawazishwa kwa kifaa cha kupimia rangi itakusaidia kuliko 4K yenye rangi za kubuni. Taimlaini ya 4K inaharirika vizuri kwenye skrini ya 1080.

Ukishaunganisha vyote, usishangae mashine ikikwama siku ya kwanza. Bodi nyingi huzima michoro ya ndani zikiona kadi ya michoro imechomekwa. Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa michoro ya ndani, uuwashe kwa nguvu badala ya kuuachia ujiamulie. Sakinisha dereva za Intel pamoja na za kadi. Kisha ndani ya Resolve, kwenye mapendeleo, sehemu ya usimbuaji, yaani ya kukunjua video, hakikisha Quick Sync imetiwa alama. Sasa cheza klipu yako, na huku inacheza bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ufungue ukurasa wa utendaji, utazame grafu za michoro ya Intel. Grafu ya kusimbua video ikipanda na prosesa ikabaki chini ya robo, umefika. Ikibaki sifuri na prosesa inapanda, kuna mpangilio mmoja kati ya hivyo vitatu umekupita. Nimewahi kumfungulia mtu kasi ya mashine nzima kwa dakika kumi namna hiyo, alikuwa ameshaitangaza auze.

Na wakati unakusanya vifaa kimoja kimoja, laptopu yako haijafa. Mwambie Resolve itengeneze proksi: nakala ndogo za klipu zako, za 1080, kwa kodeki ya kuhariria iitwayo DNxHR, ya daraja la chini. Hizo kila fremu ni kamili, hakuna kurejea barua iliyopita, na pikseli zake ni robo ya zile za 4K. Iache izitengeneze usiku, asubuhi uhariri kwa proksi, na wakati wa kutoa faili la mwisho Resolve irudi kwenye klipu za asili. Zinataka nafasi ya diski, basi nunua ile SSD ya terabaiti 2 kwanza kabla ya kitu kingine chochote, uiweke kwenye kasha dogo la USB uitumie na laptopu. Kompyuta mpya ikikamilika unaichomoa unaiingiza kwenye ubao mama.

Ukizianza hizo proksi ukaona laptopu inakutosha kwa miezi sita mingine, pesa uliyonayo sasa ingeelekea kwenye pawa saplai, ubao na prosesa vya uhakika, kwa sababu hivyo kuvibadilisha ni kubomoa mashine nzima. Kadi ya michoro iwe ya mwisho. Inachomolewa kwa skrubu mbili.